Haya Ipi?

Kila asubuhi nilipowasha mtambo, mama yangu aliitikia, na mama yangu nilishamzika zamani.

"Haya!" alisema kutoka kwenye kispika kilichokuwa mezani kwangu, kwa sauti ile ile ya mtu aliyejifunga kanga kiunoni na anajua jembe lake liko wapi. Kisha akaanza kunisomea yaliyoamkia nchi: kata gani imekataa ratiba mpya ya chanjo ya mbuzi, shule zipi zimejaribu kuanza masomo baada ya umande kukauka, halmashauri ipi inaomba sheria ya vibanda ibadilishwe maneno mawili ndipo itekelezeke. Wenzangu wa ghorofa ya nne walikuwa wamezoea. Wageni ndio waliouliza huyu mama ni nani, nami niliwajibu kwamba ni sauti mama ya Sikio. Sikuwa nadanganya hata kidogo.

Vijana wanaoajiriwa siku hizi hawajui serikali ilivyokuwa kabla ya Sikio. Mimi naikumbuka, na nisiwe mnafiki, naikumbuka kwa mapenzi. Sera ilizaliwa kwenye ukumbi wa hoteli, chini ya bango lililoandikwa jina la warsha kwa herufi kubwa kuliko jina la sera yenyewe. Palikuwa na chai, vitumbua, mabegi ya bure, na bwana mmoja wa kusimama na kusema itifaki imezingatiwa, halafu aitaje itifaki yote upya mpaka chai ipoe. Sera ikishazinduliwa ilishuka mkoani, ikashuka wilayani, ikifika kijijini hakuna anayeitambua tena. Ukiuliza imekwama wapi unaambiwa mchakato unaendelea. Nikikumbuka nacheka peke yangu. Lakini kuna watu waliteseka ndani ya mchakato huo, na ndiyo maana tulilijenga Sikio, mtambo wa kuwasikiliza watu wakiongea.

Lilikaa ndani ya kisanduku cha mbao juu ya meza ya mkutano, katika kila kata ya nchi hii. Serikali haikuangusha tena jambo jipya juu ya nchi nzima kwa siku moja. Ililijaribu kwenye kata chache, Sikio likasikiliza watu wakilijadili, likapima maneno na minong'ono na vicheko, na jambo likarekebishwa kabla watu hawajasahau walichosema. Kata ikiridhia, kazi inaanza. Ikikataa, jambo linarudi Dodoma. Sheria ya Usikivu ilisema hakuna kitakachotekelezwa bila ridhaa iliyosikika, na mimi nilikuwa mkuu wa Kitengo cha Marekebisho, kazi yangu kulisahihisha Sikio linapokosea. Kusema kweli nilikuwa nalipwa kwa kukaa, maana lilikuwa halikosei.

Mpaka asubuhi ile simu ilipolia, na aliyepiga ni mamdogo Eliapenda, mdogo wake mama, ambaye saa kama zile huwa yumo shambani kwenye tangawizi yake.

"Shikamoo Mamdogo."

"Marahaba, Nakunda mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Salama tu. Mbona mapema hivi? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Kuna kijana wa halmashauri kaja kuchomeka vigingi vyekundu kuizunguka ndiva. Anasema Jumamosi linakuja trekta kuifukia."

Ndiva ya Kirongwe ni bwawa la udongo walilolichimba mababu zetu juu ya kijiji. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa na kila shamba linapata kwa zamu. Mimi niliogelea humo, nikachapwa kwa kuogelea humo. Nilifungua taarifa za kijiji, na jibu lilikuwa pale pale, wazi kabisa. Mradi wa mabomba ulipelekwa Kirongwe, mkutano ukafanyika, kijiji karibu chote kikaafiki, ikiwa ni pamoja na kuifukia ndiva ili maji yote yaingie kwenye tangi.

"Lakini Mamdogo, mbona mlikubali?"

"Nani kakwambia tulikubali?"

"Hapa naona mlisema haya."

Nikasikia jogoo wake akiwika kule.

"Eh," akasema. "Tulisema haya. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haya si ndiyo kukubali?"

Alicheka, kicheko kikavu. "Wewe mtoto, Dodoma imekuharibu. Yule bwana aliongea tangu asubuhi mpaka watoto wakarudi shule. Kila tukiuliza anasema atalifikia. Mwisho tukamwambia haya, ili aende zake na sisi tukapike."

*

Nikaomba sauti za mkutano ule, nikavaa visikizi, nikajitenga na kelele za ofisi.

Neno haya lilitutesa tangu siku za kwanza. Kuna haya ya aibu, kuna haya ya kusema mambo haya, na kuna haya ya kuitikia. Sikio la mwanzo kabisa liliwahi kutuletea taarifa kwamba kata moja ya kusini imeona aibu juu ya mbolea. Tulipofaulu kuzitenganisha zile tatu tulipongezana, tukachangishana, tukachinja mbuzi. Mkurugenzi wetu, Bwana Rweyongeza, ni Mhaya wa Bukoba, basi utani kwamba Sikio bado halijaelewa Wahaya ulidumu mpaka ukachosha. Kwa shangwe zile hakuna aliyekumbuka kwamba haya ya kuitikia nayo ina watoto.

Niliwasikia wote kwenye mkutano wa Kirongwe. Kulikuwa na haya fupi ya kijana mmoja aliyetaka mabomba kweli. Kulikuwa na haya bwana ya mzee aliyekuwa anapinga kwa adabu. Kulikuwa na haya haya ya mama anayembembeleza mtoto mgongoni, nayo ikahesabiwa. Na kulikuwa na ile ndefu, haaya, inayoshuka kama mtu anayetua mzigo asioweza kuubeba tena, nayo ilikuwa ya watu wengi kuliko zote. Niliirudisha ile ndefu, nikaliuliza Sikio maana yake.

"Ameafiki," likajibu kwa sauti ya mama.

Nikachukua mkutano wa kata nyingine, wa wavuvi wa ziwani. Nikachukua wa wafugaji. Nikachukua wa wapangaji wa jijini waliokuwa wanaelezwa utaratibu mpya wa taka. Kila mahali, afisa alipozidisha maneno, watu walimpa ile ndefu, na kila mahali Sikio liliandika kwamba wameafiki. Nchi nzima ilikuwa inasema basi, tumechoka, nasi tulikuwa tunaandika ndiyo.

*

Bwana Rweyongeza alinisikiliza bila kunikatiza. Ni mtu mwema, nisimsingizie. Alipomaliza kusikiliza zile sauti alivua miwani akaifuta na tai.

"Unaweza kulifundisha Sikio liitofautishe?"

"Siwezi kwa kuongezea. Ile haya ya mama ndiyo kipimo. Kila haya nchini inapimwa iko karibu naye kiasi gani, na kwake yeye haya zote zilikuwa ndiyo. Kipimo kikiwa hicho, hata niongeze sauti elfu, zitavutwa kwake tu. Lazima sauti mama itoke, tuanze upya."

"Na ikitoka?"

"Kila kilichopitishwa kwa neno lile kinarudi kwa watu kuulizwa tena."

"Ikiwemo ndege machela."

Nilijua angelisema hilo, na nilikuwa naliogopa tangu nilipoanza kupanda ngazi kuja kwake. Ndege machela ni vile vyombo visivyo na rubani vinavyowachukua wajawazito milimani na visiwani kuwapeleka hospitali. Katika yote tuliyofanya, hicho ndicho ninachojivunia. Niliwahi kukiona kikitua uwanja wa shule ya Kirongwe, vumbi limetanda, na bibi mmoja anapiga vigelegele huku anakimbia.

"Nimesikiliza mikutano yake," nikasema. "Wanawake wengi walisema haya."

"Na ukiwauliza upya watasema ndiyo. Mimi najua, wewe unajua. Lakini mpaka waulizwe, hakuna kitakachoruka. Sheria ndivyo inavyosema, na wewe ulikuwa kwenye kamati ya kuiandika. Nakunda, kuna mtu atajifungulia njiani kwa sababu ya sarufi yako."

Akashusha sauti, akaongea kama kaka.

"Wiki hii weka Kirongwe alama ya kurudiwa. Mamlaka hayo unayo, huhitaji hata saini yangu. Trekta halitakwenda. Ndiva ya kwenu itapona, machela zitaendelea kuruka, na mama yako ataendelea kutuamkia hapa ofisini. Hayo mengine tutayarekebisha polepole, kata moja moja."

"Polepole mpaka lini?"

"Polepole," akasema, na nikaona aibu kidogo usoni mwake, kwa sababu sote wawili tulilitambua neno lile. Lilikuwa mchakato unaendelea, limevaa suti mpya.

Lakini nilipotoka mlangoni kwake, sitaficha, nilikuwa nimeshakubali moyoni. Ndiva ingebaki. Machela zingeruka. Na kesho asubuhi ningewasha mtambo, na mama angesema haya.

*

Kabla sijaweka ile alama nilitaka kumsikia kidogo, yeye mwenyewe, siyo Sikio likisoma ratiba za mbuzi. Wenzangu walikuwa wameenda kula. Nikafungua sauti mama kuanzia mwanzo, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu msiba.

Hee, jamani. Nilirudi Kirongwe mzima mzima. Mzee Kahimba, aliyetuongoza wakati huo na ambaye sasa naye ni marehemu, alitaka sauti ya mtu anayeongea kwa kawaida, siyo mtangazaji, na timu yetu ilikuwa imefikia nyumbani kwetu. Aliweka vinasa sauti jikoni, uani, na kwenye kola ya mama alipokwenda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji. Nikasikia baragumu likipulizwa asubuhi. Nikasikia majembe yakigongana mabegani. Halafu mama akiwa mbele yao wote, "Haya!", na watu wakiitikia kwa kucheka, na udongo unaanza kulia. Hiyo ndiyo haya yetu, kipimo cha taifa zima. Alikuwa anaanzisha kazi aliyoipenda, pamoja na watu aliowapenda, kwa maji yaliyokuwa yao. Sikio lisingeweza kujifunza jambo jingine pale isipokuwa furaha.

Nikaendelea kusikiliza. Mama akimfukuza mbuzi. Mama akinisema kwamba nimekonda. Mama akikoroga sufuria la makande, akimwambia Mzee Kahimba asile haraka, hakuna anayemfukuza. Nililia, na sikujali kama kuna mtu anapita.

Mwisho kabisa wa siku ile ya mwisho ilikuja sauti ya Mzee Kahimba, nzito na yenye heshima.

"Mama, sauti yako hii tutaiweka serikalini. Itakuwa inaongea na watu, hata siku ambayo wewe mwenyewe hutakuwepo. Unaridhia?"

Mwiko ukaacha kukoroga.

"Itaongea, na mimi sipo?"

"Ndiyo mama."

"Na aliyekufa si huachwa apumzike?"

Mzee Kahimba akaeleza. Alieleza vizuri, kwa muda mrefu, kuhusu nchi na vizazi vijavyo. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama akasema.

"Haaya."

Ilikuwa ile ndefu. Ilishuka taratibu mpaka ikafika chini, na baada yake mwiko ukarudi kukoroga, na mama akawakaribisha wageni makande kabla hayajapoa.

Niliirudisha. Nikairudisha tena. Nikakiweka kile kipande mbele ya Sikio kama ninavyoweka kipande cha mtu yeyote, nikauliza maana yake.

"Ameafiki," likasema Sikio, kwa sauti yake yeye mwenyewe.

Ndipo hasira ikanipanda, na sikumbuki kama niliwahi kukasirika hivyo kazini. Walimchosha mama yangu kwa maneno mazuri, akawapa adabu, nao wakaondoka nayo wakiiita ridhaa. Kisha kwa adabu hiyo hiyo tukaipima nchi. Kama ningeweka alama kijiji kimoja na kunyamaza, basi ningekuwa nimeipokoa ndiva kwa kumwacha mama aendelee kuwaambia watu wote, kata kwa kata, kwamba wameridhia.

Niliandika tamko la kasoro, la neno lote na nchi yote. Nikaita Sikio.

"Futa sauti mama. Anza na sauti za akiba."

"Nifute kabisa?" akauliza mama yangu.

"Futa kabisa."

"Haya!" akasema, ile fupi, ile ya asubuhi. Kisha kispika kikanyamaza, na nilikaa pale mpaka wenzangu waliporudi kutoka kula.

*

Nilifika Kirongwe mvua za vuli zilipoanza. Trekta halikuwahi kuja. Vigingi vyekundu bado vilikuwepo, watoto walikuwa wamevifungia kamba wakifanya goli.

Machela nazo hazikuruka, kama Bwana Rweyongeza alivyosema. Naetwe, binti wa Mama Senzighe, alishikwa na uchungu katikati ya kipindi kile. Vijana walimbeba kwenye machela ya miti, kama zamani, wakipokezana kushuka mlima. Alijifungulia kwenye kona ya barabara, wanawake wakimzungushia kanga. Mtoto alikuwa mzima. Naetwe alipoteza damu nyingi, na siku niliyofika alikuwa bado amelazwa hospitali mjini, hajaweza kukaa mwenyewe. Nilimwamkia mama yake, akanitazama, hakuitikia. Alikuwa na haki yake.

Mkutano ulifanyika kandokando ya ndiva. Kisanduku cha mbao kilikuwa mezani kama kawaida, na pembeni yake afisa wa halmashauri, mrefu wa maelezo kama wenzake. Alieleza mabomba. Alieleza tangi. Aliulizwa maji ya tangawizi yatatoka wapi, akasema atalifikia. Akaeleza machela. Mwisho akauliza kama wananchi wameridhia, na watu, kwa mazoea, wakajibu kwa pamoja.

"Haaya."

Nilishika ukingo wa kiti. Kutoka kwenye kisanduku ikatoka sauti mpya, sauti isiyo ya kabila lolote wala ya ndugu wa mtu yeyote.

"Haya ipi?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akakiangalia kile kisanduku kama anayekisikia kikiongea kwa mara ya kwanza. Halafu mtu wa nyuma akaanza kucheka, kicheko kikaenea mpaka afisa mwenyewe akaziba mdomo kwa makaratasi yake.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Mama Senzighe.

"Andika," akakiambia kisanduku, hakumtazama afisa. "Ya machela ni haya ya ndiyo. Na irudi leo, siyo kesho. Mwanangu asingelala kule kama ingekuwepo." Akanitupia jicho, nikaliinamia. "Ya kufukia ndiva ni haya ya nenda zako. Hizo ni mbili, usizichanganye tena."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Vijana walisimama wakasema wao wanataka mabomba, wamechoka kuona dada zao wakibeba ndoo. Wazee wakasema bomba likipasuka fundi atatoka wapi, ndiva ikipasuka wanaziba wenyewe. Walizozana, wakataniana, wakakumbushana visa vya zamani. Kufikia jioni walikuwa wameelewana kwamba bomba lije kwa maji ya kunywa na ndiva ibaki kwa mashamba, na afisa aliandika yote huku jasho likimtoka. Machela zilirudi Kirongwe wiki hiyo hiyo. Kuna kata nyingine zilichelewa, na habari zao ninazijua, na zinaniamsha usingizini.

Watu walipotawanyika nilimkuta Mamdogo Eliapenda kwenye mfereji, anafungulia maji ya zamu yake. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anaangalia maji tu.

"Nilikuwa napita pale ofisi ya kata asubuhi," akasema, "nikitoka shamba. Kile kisanduku kikiwashwa namsikia dada. Wakati mwingine nilikuwa nasimama dirishani, sina shida yoyote, namsikiliza tu. Siku hizi kuna huyo mwingine."

Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa anamsikiliza.

"Nimemfuta mimi, Mamdogo. Nilisikia siku aliyoulizwa. Hakuridhia. Alichoka tu, akawaitikia."

Mamdogo akasukuma tope la mlangoni kwa mguu, maji yakapata njia, yakaanza kuteremka kwenye tangawizi.

"Haya," akasema, akaweka jembe begani.

Nilitaka kumuuliza ipi. Nikachukua jembe la pili lililokuwa limeegemea ukingo, nikamfuata.